Kiyoyozi Nyumba Kubwa, Umeme Banda la Uani

Ukipita Goba, Chanika au Kibada kule Kigamboni utaona viwanja vingi vilivyojengwa kinyumenyume. Banda la uani la vyumba viwili limeshapakwa rangi, lina pazia na dishi la televisheni, na mbele yake nyumba kubwa bado iko kwenye lenta, nondo zimechomoza juu. Mwenye kiwanja amekimbia kodi ya pango, akahamia bandani ili ajenge huku akiishi. TANESCO walipokuja kumuunganishia umeme walikuta jengo moja tu lenye paa, wakafunga mita ya LUKU hapo. Miaka sita baadaye nyumba kubwa imekwisha, familia imehamia, banda amepewa mpangaji, lakini mita haijasogea. Umeme wote wa nyumba kubwa unatoka bandani kwa waya mmoja, uliovutwa siku ile mzee alipohitaji taa mbili na soketi ya mafundi wa plasta kuchajia simu.

Kisha unaingia Januari. Dar es Salaam ya kaskazi ina joto la nyuzi 32 mchana na unyevu usiomwacha mtu alale. Kiyoyozi kinanunuliwa Kariakoo, kinafungwa mgongoni mwa bajaji, na fundi akifika anauliza swali linaloonekana dogo: bosi, umeme tunachukua wapi?

Watu wengi hulijibu kwa kukikagua kiyoyozi. Nadhani hicho ndicho cha mwisho kukaguliwa. Kinachotakiwa kuangaliwa kwanza ni ile njia kati ya majengo mawili: nani aliivuta, kwa waya gani, na kwa hesabu ya mzigo upi.

Lakini tuanze na kiyoyozi chenyewe, maana hofu nyingi juu yake zimekosea mahali pa kukaa. Dukani kinauzwa kwa HP, na herufi hizo hupotosha. HP ya injini ni wati 746, ilhali kwenye lebo ya kiyoyozi HP ni jina tu la ukubwa. Kipimo cha kweli ni BTU, yaani kiasi cha joto kinachoondolewa chumbani kwa saa. Kile kinachoitwa HP 1.5 ni BTU 12,000, sawa na kilowati 3.5 za joto linalotolewa nje, na kwa kazi hiyo kinakula umeme wa kilowati moja hivi, kwa sababu kinabeba joto tu kutoka ndani kwenda nje. (Hiyo 12,000 ina asili ya kuchekesha: ndiyo kasi ya joto linaloyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu kwa saa 24. Ubaridi uliwahi kuuzwa kwa mapande.)

Kilowati moja kwenye umeme wetu wa volti 230 ni ampea nne na nusu hadi tano. Cha BTU 18,000 kinafika nane, cha 24,000 kumi hadi kumi na mbili. Sasa linganisha na birika la umeme la kilowati mbili: hilo linavuta karibu ampea tisa, na hakuna aliyewahi kumwita fundi aje kulifunga. Tofauti ni mbili. Birika linachemsha kwa dakika nne na kuzima, waya unapata nafasi ya kupoa. Kiyoyozi kinaunguruma saa nane mfululizo, tena usiku ambao friji, feni na pampu ya maji navyo viko kazini. Ya pili ni kishindo cha kuwaka. Kompresa ya kawaida, isiyo ya inverta, kila inapoanza kuzunguka huvuta mara tatu hadi sita ya ampea zake kwa kipande cha sekunde. Kama taa za sebuleni zinakonyeza kila baada ya muda, ni kompresa inaomba nguvu na waya hauna. Ya inverta huanza polepole na haina kishindo hicho, na kwa nyumba yenye njia ndefu ya umeme hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuongeza fedha dukani.

Twende kwenye njia. Chukua kiwanja cha kawaida ambako banda liko mita 35 kutoka meni swichi ya nyumba kubwa, ukihesabu waya unavyopanda ukuta, unavyopita chini ya ardhi na kupanda tena. Usiku nyumba kubwa inatumia friji, televisheni, feni na taa, mtu anapiga pasi, pampu inajaza tangi: sema ampea 20. Ongeza viyoyozi viwili vya BTU 12,000, unafika 30. Waya wa shaba wa milimita 4 (mafundi husema milimita, ingawa kipimo ni milimita za mraba) hupoteza milivolti 11 kwa kila ampea katika kila mita. Zidisha 11 kwa 30 kwa 35, unapata volti 11.5. Hiyo ni asilimia 5 kamili ya 230, mwisho kabisa wa kiasi ambacho taratibu za Kiingereza, ambazo mafundi wetu wamezizoea, zinakubali kupotea ndani ya nyumba kwa vifaa visivyo taa. Ukiwa na waya wa 2.5, ambao ndio nimeukuta mara nyingi, kiasi ni milivolti 18 na volti zinazopotea zinakaribia 19. Waya wa milimita 10 ungepoteza chini ya tano.

Volti 11 si nyingi, mtu atasema. Si nyingi kama kwenye mita yenu umeme unafika ukiwa 230. Lakini mwisho wa laini, saa mbili usiku, umeme mdogo tunaujua wote. Ukiingia kwenye mita ukiwa 205, kiyoyozi kinapata 193. Kompresa ya kawaida ikipata volti pungufu huvuta ampea nyingi zaidi ili ifanye kazi ileile, ampea zikiongezeka waya unapoteza volti nyingi zaidi, na mzunguko huo huishia kwa kompresa kuzima kwa joto au kuungua. Fundi wa AC akija atasema gesi imeisha. Nimesikia gesi ikilaumiwa kwa makosa ya waya mara nyingi kiasi kwamba siku hizi kabla ya kujibu naomba mita ya kupimia volti.

Na zile volti zilizopotea hazikuenda hewani. Volti 11.5 mara ampea 30 ni wati 345, zote zimegeuka joto ndani ya waya. Ni sawa na kuwasha balbu 35 za wati 10 ndani ya bomba la plastiki ukutani, huku ukizinunulia uniti.

Joto hilo lina mwenzake. Kile kiwango cha ampea kinachoandikwa kwa kila waya kimepigwa hesabu kwa mahali penye nyuzi 30. Waya wa 4 ukiwa umefungwa wazi ukutani hubeba kiasi cha ampea 37. Lakini sisi tunapitisha waya darini, chini ya mabati, ambako mchana wa Februari nyuzi 50 si ajabu. Kwa waya wenye ganda la kawaida la PVC, nyuzi 50 zinakata uwezo mpaka asilimia 71: zile 37 zinakuwa 26. Waya wa 2.5 unaosifiwa kubeba 27 unabaki na 19. Halafu ukiufunga pamoja na nyaya nyingine tano ndani ya bomba moja, punguza tena. Nyumba inaweza kukaa miaka mitatu bila tatizo, kwa sababu ganda la waya halilii siku ya kwanza. Linakauka, linakuwa gumu, linapasuka pale kwenye kona. Ukiona waya wa darini umebadilika rangi na ukiukunja unavunjika kama tambi mbichi, ujue umeshaiva.

Hapa ndipo breka inapoingia, na hapa ndipo penye kosa ninaloliona la hatari kuliko yote. Breka inalinda waya. Ukubwa wake unapangwa na waya ulioko mbele yake, wala kiyoyozi hakina usemi. Familia ikihamia, breka ya ampea 20 kule bandani inaanza kujikata kila usiku. Mama analalamika, mpangaji amechoka kugongewa mlango saa tano ili aipandishe, fundi anaitwa, na fundi anabadilisha breka: anatoa ya 20 anaweka ya 40. Tatizo limekwisha! Kilichokwisha kwa kweli ni ulinzi. Waya wa 2.5 sasa unaweza kupitisha ampea 35 usiku kucha, na hakuna kitakachoshtuka mpaka ganda lianze kunuka. Kama breka inajikata kwa sababu ya kile kishindo cha kuwaka, dawa ipo na ni nyepesi: breka zina herufi. Ya B hukata papo hapo mkondo ukifika mara tatu hadi tano ya kiwango chake, ya C mara tano hadi kumi. Kiyoyozi chenye kompresa ya kawaida kinataka ya C ya ampea zilezile. Lakini kama inajikata baada ya nusu saa, inasema ukweli, na inayotakiwa kubadilishwa ni waya.

Kuna na suala la ethi. Mwaka juzi nilikuwa kwa shemeji yangu Tabata, kiyoyozi kipya kimefungwa kwa njia hiihii ya kutoka bandani. Watoto walikuwa wanacheza pekupeku baada ya mvua, mmoja akaja analia kwamba lile boksi la nje "linang'ata". Tulidhani siafu. Kumbe waya kutoka bandani ulikuwa na nyuzi mbili tu, fezi na nyutro. Fimbo ya shaba ya kuingiza umeme ardhini ilikuwa imepigiliwa nyuma ya banda kama inavyotakiwa, lakini hakuna uzi wa tatu uliotoka hapo kwenda nyumba kubwa. Ndani ya nyumba kila soketi ilikuwa na waya wa kijani na njano uliopendeza kabisa, wote wakakutana kwenye meni swichi na kuishia hapo, hewani. Shemeji alikuwa amekaa miaka minne kwenye nyumba isiyo na ethi asijue, kwa sababu televisheni na feni hazina mwili wa chuma wa kukuarifu. Kiyoyozi kilikuja kama mpelelezi.

Na hata ethi ikiwepo, haitoshi peke yake. Sema fimbo na udongo wake vina ukinzani wa omu 50, jambo la kawaida kwenye mchanga mkavu wa Dar. Fezi ikigusa mwili wa kiyoyozi, mkondo utakaokimbilia ardhini ni 230 gawa kwa 50, yaani ampea 4.6. Breka ya 20 inaona ampea 4.6 na kuendelea na shughuli zake; kwake hiyo ni sawa na kiyoyozi kingine kimewashwa. Boksi la nje linabaki na umeme mpaka mtu aliguse. Kinachoweza kuona uvujaji huo ni ile swichi ambayo mafundi huiita RCD, ya miliampea 30, inayolinganisha umeme uliokwenda na uliorudi na kukata tofauti ikitokea. Ukiniambia nichague kitu kimoja cha kununua kabla ya kiyoyozi, nitachagua hicho. Wapo mafundi wanaokiondoa kwa sababu "kinasumbua", na hao ningewaogopa kuliko radi.

Mahali pa pwani kabisa, Kigamboni au Unguja, ongeza chumvi. Jointi iliyofungwa kwa selotepu nje ya ukuta wa banda huota kutu ya kijani ndani ya miaka michache, na jointi yenye kutu ni pasi ndogo inayowaka saa zote.

Mpaka hapa nimezungumzia waya. Sasa watu, maana bandani mna mtu.

Mita ikiwa bandani na mpangaji yuko bandani, nani ananunua uniti? Kwenye nyumba nyingi wamekubaliana kwa mdomo: mpangaji anatoa elfu kumi kwa mwezi, mwenye nyumba anamalizia. Makubaliano hayo yalifanyika kabla ya kiyoyozi. Kimoja cha BTU 12,000, kikiwashwa saa nane na kompresa ikifanya kazi theluthi mbili ya muda huo, kinakula uniti tano na ushee kwa usiku, karibu 160 kwa mwezi. Uniti zikiisha saa tisa usiku giza linawapata wote, na mwenye kibodi cha mita ukutani kwake ni mpangaji aliyelala. Wengine hufunga mita ndogo ya kugawana, na naiona ni busara, mradi tu ifungwe upande wa nyumba kubwa pia, isije ikawa mpangaji peke yake ndiye anayehesabiwa.

Kisha kuna bei. Mtumiaji mdogo wa nyumbani, kundi la D1, anauziwa uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Kundi la kawaida, T1, ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo. Ukiziongeza unakaribia 357. Uniti 160 za kiyoyozi kimoja zinazidi mara mbili kikomo cha D1. Kwa hiyo mita ya banda, ambayo kwa miaka ilikuwa ya mtu wa taa na redio, inahamishwa kundi, na mpangaji naye anaanza kulipa bei ya watu wenye ubaridi. Wapo wajanja wenye mita mbili kiwanjani wanaofikiri watachota uniti za bei ndogo za bandani kulishia kiyoyozi cha nyumba kubwa. Hesabu inawasuta: matumizi yakipanda, bei inayafuata yalipo.

Na ujanja huo una sumu nyingine. Nyumba ikiwa na mita yake na kiyoyozi kikachukua umeme wa mita ya banda, chumba kimoja kina umeme wa sehemu mbili. Fundi atakayekuja miaka mitatu baadaye atashusha meni swichi ya ndani, taa zitazimika, feni itasimama, atafungua kiyoyozi akijua hakina umeme. Kinao. Mbaya zaidi ni pale fezi inapotoka mita moja na nyutro ikarudi kwenye nyingine kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu: RCD zitagoma, na zikiondolewa, mkondo utarudi kwa njia ambayo breka yake hailindi. Hata kwenye mita moja, kiyoyozi chenye laini yake kutoka bandani kinahitaji swichi ya kukatia umeme karibu na boksi la nje, na maandishi kwenye meni swichi zote mbili, kwa Kiswahili cha kawaida: AC ya chumba kikubwa, umeme wake unatoka bandani.

Lakini fundi gani ataandika? Anayefunga kiyoyozi ni fundi wa friji na AC. Anajua mabomba ya shaba, vakyumu na gesi. Umeme anauchukua palipo karibu, akiamini fundi umeme alishapanga. Fundi umeme alipanga miaka sita iliyopita, kwa taa. Kati ya hao wawili hakuna anayeupima waya wa kutoka bandani, na TANESCO wajibu wao unakoma kwenye mita. Anayefunga umeme kwa ajira anatakiwa awe na leseni ya EWURA, na wakati wa kuomba umeme leseni huulizwa. Siku ya kiyoyozi haulizi mtu, wala mwenye nyumba.

Basi kiyoyozi kichukue umeme bandani au la? Jibu langu litawashangaza waliosoma mpaka hapa: kinaweza, na vizuri tu. Rudi kwenye hesabu. Laini ya peke yake ya milimita 4, mita 35, kwa kiyoyozi kimoja cha ampea tano inapoteza chini ya volti mbili. Hata ya 2.5 ingepoteza tatu na kidogo. Umbali haukuwa kosa. Kosa lilikuwa kukirundika kiyoyozi juu ya waya ambao umeshabeba nyumba nzima. Laini yake yenyewe, nyuzi tatu, breka ya C ya 16 na RCD mbele yake, swichi ya kukatia nje, inakidhi.

Ila mimi nisingeifanya, kwa sababu nawajua Watanzania wenzangu. Kiyoyozi cha kwanza kikipoza chumba cha baba na mama, cha watoto kinafuata mwaka unaofuata, cha sebuleni kabla ya harusi ya binti. Laini tatu zitakuwa zimechimbiwa uani, kila moja na historia yake. Heri kuchimba mara moja: karibu na mita liwekwe boksi dogo lenye njia mbili, moja ya banda na moja ya nyumba kubwa, kila moja na breka yake, na kutoka hapo kebo ya milimita 10 au 16 yenye nyuzi za chuma kuizunguka, izikwe futi mbili chini na utepe wa onyo juu yake ili mchimba shimo la choo asije akaikuta kwa sururu. Kutoka meni swichi ya nyumba kubwa kila kiyoyozi kipate laini yake fupi. Mpangaji abaki na breka yake isiyoguswa na mtu.

Njia nyingine ni kuomba mita ihamishwe, au kuomba ya pili. Kuunganishiwa umeme wa fezi moja mjini, ndani ya mita 30 bila nguzo, kumekuwa shilingi 320,960 tangu 2022, na ukiweka kwenye mizani bei ya kebo ya shaba ya milimita 16 kwa mita 35, mita ya pili inaweza kuonekana rahisi. Inamwachia mpangaji uniti zake na bei yake ya D1. Kabla ya kuamua kumbuka tu kwamba kodi ya majengo nayo hukatwa kupitia LUKU tangu 2021, kwa hiyo uliza mapema ni mita ipi itakayobeba jengo lipi. Kwa banda la kupangisha mimi ningechagua hii. Kwa banda analokaa bibi au kijana wa nyumbani, kebo.

Ule waya wa zamani usitupwe. Shemeji alitaka kuuza shaba yake kwa wanunua vyuma chakavu. Tukaufungia breka ya ampea sita, na sasa unawasha taa mbili za ukuta wa nyuma na balbu ya banda la kuku.